Mtu wa Lindi Akisema Ng'ambo

Kambini,
6 Juni 1943

Mama yangu mpenzi Genoveva,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo mama. Kabla ya habari nyingine yoyote nataka habari ya miguu yako. Je, bado inavimba asubuhi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na mwilini sina la kulalamikia.

Mama, wamenipandisha cheo. Nilikuwa sajini, sasa nimekabidhiwa plutoni nzima, na askari wananipigia saluti na kuniita efendi. Sisi weusi tuliopewa cheo hiki katika keya, jeshi hili la Mwingereza, tunahesabika kwa vidole. Siku niliyopewa alama za kushonea mkononi nilitafuta mtu wa kumwonyesha, sikumpata. Askari niliokuwa nikichangia nao sinia moja, sasa nikisogea wanasimama wima na kunyamaza. Wazungu nao wananiambia, "Vizuri sana," halafu wanaingia kwenye nyumba yao ya kulia. Mimi naletewa sahani hemani. Tangu nizaliwe sijawahi kula peke yangu mpaka nilipopewa ukubwa.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Kuna dalili kwamba tutaondoka. Hatujaambiwa kitu, ila tumechomwa sindano na kupewa viatu vipya, na askari akipewa viatu vipya bila kuomba huwa anajua. Unakumbuka nilivyoondoka mara ya kwanza: asubuhi nakata mkonge kule ng'ambo, jioni niko melini, wewe ukapata habari kwa watu. Nikaenda Uhabeshi bila radhi yako, na Mungu akanirudisha. Safari hii moyo unakataa. Nakuomba unitumie radhi kwa barua. Mwalimu Mikaeli anayekuandikia aiandike kwa herufi kubwa, nami nitaiweka mfuko wa kifuani.

Salamu kwa Natalia jirani na kwa wote wanaoniulizia.

Mwanao,
Ignasi


Mtama,
29 Juni 1943

Mwanangu Ignasi,

Milele na milele, amina. Marahaba baba, tena marahaba. Miguu ipo, ndiyo iliyonifikisha hapa kwa mwalimu, na ikivimba ni juu yake, mimi sishughuliki nayo. Nguruwe wamemaliza muhogo wa upande wa mto. Ming'oko mwaka huu imejaa porini, wanawake wanaichimba na kurudi na vikapu hadi shingo zinauma.

Efendi! Nimelitamka neno hilo njia nzima. Efendi niliyembeba mgongoni kwa sababu alikuwa akimwogopa jogoo wa Natalia! Mwalimu anacheka huku anaandika, na Mngoni akicheka kalamu humshinda. Ukiona herufi zimepinda ujue ni mtani wetu, si maneno yangu.

Sasa hiyo radhi. Mwanangu, misheni ilikufundisha kusoma mpaka ukasahau mambo ya kwenu? Baraka ni ya padre, anaweza kuitoa kwa Kilatini nawe umesimama nje mlangoni. Radhi ya mzazi ni maji na mkono. Natia maji mdomoni, nakupuliza usoni na kifuani, naweka mkono kichwani, nasema ninayoyasema, imekwisha. Radhi haiandikwi. Mwalimu ananiuliza ni nani aliyesema hivyo. Nimemjibu aandike tu, hayo si ya Wangoni.

Baba yako hayupo. Mjomba wako Klementi, ambaye kwa desturi yetu ndiye angetangulia kukupuliza, tulimzika masika haya. Mkono uliobaki ni wangu. Omba ruhusa uje.

Tena usidhani ni wewe peke yako unayekula peke yako. Tangu dada yako Skolastika aolewe kule Sudi bado nasonga ugali wa watu wawili. Mkono umezoea, hausikii. Unaobaki nampelekea Natalia, naye anapokea kwa adabu ingawa amekwisha kula. Njoo mwanangu, hata kwa siku moja.

Mama yako,
Genoveva


Kambini,
2 Agosti 1943

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute unaendelea vizuri, na nguruwe wamepata adabu.

Wamekubali! Nilisimama mbele ya meja nikamwambia kwetu mtu haendi safari kubwa bila kupulizwa maji. Akauliza maji gani, nikamweleza. Akatia sahihi. Sijui alielewa nini. Likizo ni fupi mno, na nitakuwa na askari wengine wa pande za kwetu chini yangu, nao nitawajibika kuwarudisha melini wote.

Ujue kwamba barua zetu zinasomwa na ofisa kabla hazijatoka. Tarehe na mahali hupakwa wino mweusi ili adui asijue tuliko. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Nitashuka ■■■■■ tarehe ■■■■■■■■■ na meli ya ■■■■■■■. Mwisho wa mwezi huu tunakwenda ng'ambo. Hilo neno hawatalifuta, kwa kuwa halitaji mahali. Nisubiri ■■■■■■■ ■■■■■■, usihangaike na lolote.

Nimekwisha mwambia kila mtu, hata wasioniuliza, kwamba nakwenda kumwona mama yangu.

Mwanao,
Ignasi


Mtama,
19 Agosti 1943

Mwanangu Ignasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa jana, na jana nilikuwa mzima kuliko juzi. Habari za afya zimetosha hapo, nina haraka.

Barua yako imefika na madoa yake meusi. Mwalimu ameinyanyua juani, ameigeuza nyuma, hakuona kitu. Kilichosalia ni kwamba mwisho wa mwezi mnakwenda ng'ambo, na kwamba nikusubiri. Basi nimeelewa.

Mwalimu amebishana na mimi. Anasema ng'ambo huenda ikawa mbali zaidi, huenda ikawa nchi za watu. Nikamwambia, wewe umetoka Songea, bahari umeiona ukubwani. Mtu wa Lindi akisema ng'ambo anajua anachosema. Ng'ambo ni Kitunda, pale unapovuka kwa mashua, kwenye mkonge alikofanya kazi mwanangu mwenyewe. Hukuandika hivyo katika barua yako ya kwanza, kule ng'ambo? Bila shaka wamewapigia kambi kule. Mwalimu akasema labda. Kwa Mngoni, labda ni kushindwa.

Nami nimefikiri hivi. Nikikungoja hapa Mtama, likizo yako yote itakwisha barabarani, kupanda na kushuka. Kwa nini nikuchoshe? Kesho napata lori, nalala Rasbura kwa mdogo wangu Lusia, kesho kutwa navuka. Nitafikia kwa Maftaha, yule mama aliyekuwa akiwapikia uji nyinyi wa mkonge. Nakuja na ming'oko kikapu kizima. Maji nitachota kisimani kwa Maftaha, maji hayana dini.

Nimenyoa nywele, nimefua. Nitakaa pale mpaka nikuone.

Mama yako,
Genoveva


Gatini, Lindi,
31 Agosti 1943

Mama,

Shikamoo. Naandika juu ya begi langu, nimekaa chini, na mama mdogo Lusia amesimama ananisubiri nimalize ili akuletee. Unisamehe mwandiko.

Nilishuka hapa Lindi juzi. Sikupita popote, sikupita hata Rasbura, nilidandia lori la kwanza nikaja Mtama. Nikakuta mlango wako umefungwa kwa kamba. Natalia akatoka kwake akaniambia, "Mama yako ameshuka kukulaki, kwani hamkuonana njiani?" Mwalimu Mikaeli alikuwa amekwenda misheni, hakuna aliyejua zaidi. Nikafikiri umekwenda kunitazama mjini na ukinikosa utarudi. Nikakungoja. Nikafungua kamba, nikafagia uwanja, nikajaza mtungi. Nikalala kitandani kwako na viatu vyangu mlangoni. Jana kutwa nikakaa kizingitini, kila lori likipunguza mwendo nasimama.

Leo alfajiri nimeshuka kwa sababu meli haingojei. Nikaenda Rasbura kwa mama mdogo, nikamuuliza, mama yuko wapi? Akasema, "Yuko ng'ambo, anakungoja wewe." Nikamuuliza ng'ambo ipi. Akanishangaa. "Kwani ziko ngapi?"

Mama, ng'ambo niliyoiandika ni nje, ni bahari kubwa, ni nchi ambazo hata mimi sijui. Ndivyo tunavyosema huku jeshini. Nimekaa miaka na watu wa kila kabila mpaka nimelisahau neno la kwetu. Ofisa alifuta maneno ya kukuambia unisubiri nyumbani, akaacha hilo moja.

Tumekimbia mpaka hapa gatini. Mashua ya kuvuka ipo, na nahodha ameniuliza mara mbili kama navuka. Lakini askari wangu wamekwisha jipanga, na kuvuka na kurudi ni muda ambao meli hii haitanipa. Nataka nikuambie ukweli mama, nilitia mguu mmoja katika mashua. Kisha nikamwona Abilahi. Huyu ni askari wangu, mtu wa Sudi. Siku tuliyoshuka aliniomba siku moja zaidi kwa kuwa mke wake yu karibu kujifungua, nikamkatalia. Nilimwambia sheria ni sheria. Akajibu, "Ndiyo, efendi," na leo amefika wa kwanza, amekaa juu ya mzigo wake, ananitazama mimi na mguu wangu. Nikautoa mguu.

Kutoka hapa Kitunda inaonekana, unaona minazi, unaona na moshi. Kuna watu wamesimama ufukweni, wadogo, siwezi kujua yupi ni nani. Nimemchagua mmoja aliyevaa kaniki, nimeamua ni wewe, namtazama yeye.

Wanapiga honi. Mama mdogo analia, nimemwambia anyamaze asinilize mbele ya askari.

Mwanao,
Ignasi


Mtama,
12 Septemba 1943

Mwanangu Ignasi,

Amina, marahaba. Mimi sijambo. Naomba Mungu barua hii ikufikie huko kwenye ng'ambo yenu, na ikukute mzima.

Siku hiyo sikuvaa kaniki. Nilivaa khanga nyekundu ya Lusia, aliniazima ili nipendeze. Yule uliyemtazama simjui, na popote alipo Mungu amsaidie, maana alitazamwa kama mama wa mtu.

Mimi nilikuwa uani kwa Maftaha namenya ming'oko. Ile ya mwanzo iliharibika, nikachimba mingine, usidhani ningekulisha kilicholala. Tukasikia honi. Maftaha akasema meli ya askari hiyo inatoka, twende tukatazame. Tukaenda. Ikapita mbele yetu, nikaona kofia nyingi. Nikawapungia mkono, nikamwambia Maftaha, "Maskini, watoto wa watu hawa." Nikarudi kwenye ming'oko yangu. Jioni ndipo Lusia alipovuka na barua yako, kwa Maftaha hakuna msomaji, wakamwita karani wa mkonge. Alipofika pale pa mguu katika mashua nilimwambia basi, anirudishie karatasi yangu; yaliyobaki amenisomea mwalimu.

Mwalimu hakunicheka. Ningependa anicheke, yeye ni mtani, ni haki yake. Amekaa tu anachonga kalamu. Natalia naye ameniambia mtungi ulijazwa na mtu mwenye buti. Maji yale sijayamaliza, nayachota kidogo kidogo, ni ujinga lakini ndiyo hivyo.

Kuhusu Abilahi ulifanya vema, ingawa roho inaniuma kusema. Skolastika amenipa habari kutoka Sudi: mkewe amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Mwambie.

Sasa sikiliza. Najua utaniomba tena nikuandikie radhi. Sitaiandika. Nimeikalia, iko hapa kwangu, wala siipeleki posta. Mwenye kitu chake nyumbani kwa mama yake sharti arudi kukichukua, hata njia iwe na miiba. Hukupata kwa sababu ya neno langu moja la kijinga, basi utakuja kupata kwa miguu yako. Ukiona risasi zinakuja waambie una safari ya Mtama hujaimaliza.

Mama yako,
Genoveva


Ng'ambo (ile yangu, si yako),
20 Januari 1944

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nikikuambia sijambo usiwe na shaka, sijambo kweli. Joto la huku linafanana na la kwetu, na kuna minazi, na mara nyingine nikiamka sikumbuki kwa muda kwamba niko mbali. Halafu nasikia watu wanaongea.

Barua yako ya Septemba imenifikia juzi tu, pamoja na ile ya Agosti iliyonikosa kambini. Nilimwambia Abilahi habari ya mtoto. Alikaa chini palepale. Kisha akaniambia, "Na wewe hukuvuka, efendi." Tangu siku hiyo wakati wa chakula anakuja na sahani yake, anakaa nje ya hema langu, amenipa mgongo, kama mtu aliyetafuta kivuli tu. Mimi ndani, yeye nje. Usimweleze mtu, si utaratibu.

Mama, nimeelewa kwa nini umeikalia ile radhi, na mchana huwa nacheka. Lakini tunaondoka hapa tulipokuwa tukifanya mazoezi, tunakwenda mbele. Waliotangulia barua zao zimekuwa fupi, halafu wengine haziji. Jana askari walikuwa wakitajiana nani alipulizwa maji na nani alisomewa dua na nani alivishwa rozari. Wakaniuliza mimi. Nikasema mama yangu alinipuliza, maji yalikuwa baridi, nikapiga chafya, wakacheka sana. Nilidanganya plutoni nzima, nao wamelala wametulia kwa sababu kamanda wao anayo.

Sibishani na wewe, nani amewahi kukushinda? Ila nitakuwa natembea mbele yao na najua kwamba sina. Kama mkono haufiki huku, mama, tafuta namna. Naogopa.

Mwanao,
Ignasi


Mtama,
3 Aprili 1944

Mwanangu Ignasi,

Tumsifu Yesu Kristo. Sikuulizi hali. Barua yako ilitembea miezi, na mahali ulipokuwa ulipoiandika hupo tena, kwa hiyo hata ukinijibu kwamba u mzima nitakuwa nasikia habari za zamani. Mvua zimenyesha. Mimi niko.

Nilipoletewa barua nilikwenda kwa mwalimu na matope miguuni. Alisoma mpaka neno lile la mwisho, la kuogopa, akasita, akataka kulipita. Nikamwambia soma. Akalisoma. Tangu ulipokuwa wa jogoo hujawahi kuniambia neno hilo.

Nilikuwa nimekosea mwanangu. Nilidhani nimekushika kumbe nimekuachilia utembee mtupu. Padre hakunifundisha, na marehemu mjomba wako angenikatalia, angesema radhi haipiti kwenye karatasi. Lakini yeye hakuwahi kuwa na mtu ng'ambo. Mimi ninaye.

Mwalimu akimaliza mstari wa mwisho ataiweka barua hii mapajani mwangu. Nitatia maji mdomoni nami nitaipuliza, juu, katikati na chini. Kisha nitaweka mkono. Amenionya kwamba wino utachuruzika na hutaweza kusoma. Usihangaike kuyatafuta maneno yatakayofutika, ni maneno ya mwalimu hayo. Ukiipata, iweke usoni kwanza, halafu kifuani, halafu kichwani, kwa mpango huo. Nitayasema niliyokuwa niyaseme, kwa Kimwera, sauti ya juu, na mwalimu atatoka nje kwa sababu si yake. Ukiisha kuiweka kichwani huna deni la uongo kwa askari wako. Abilahi naye mguse nayo kidogo, sitapungukiwa.

Imekwisha basi. Nimekupa yote. Nilikuwa na kitu kimoja cha kukurudisha nyumbani, nikilala nakihesabu kwamba kipo, kwamba kwa ajili yake utakuja. Sasa sina. Mikono yangu mitupu, na hapa Mtama hakuna chako cha kufuata isipokuwa mimi.

Rudi hivyo hivyo.

Mama yako,
Genoveva